Boila ya kuni ya kujitengenezea inaposumbua: fuata joto mpaka linapokwama

Kuni hazina swichi. Pampu unaweza kuizima na koki unaweza kuifunga, lakini gogo lililokwisha kushika moto litaendelea kutoa joto mpaka liwe jivu, na joto hilo ni lazima lipate pa kwenda. Nimejenga na kurekebisha boila hizi kwa miaka kadhaa, na karibu kila tatizo nililokutana nalo liliishia kwenye swali moja: joto limetoka motoni, likaingia majini, kisha limekwama wapi? Anayelifuata swali hilo haendi kununua pampu mpya wakati ile ya zamani ni nzima.

Tukubaliane maneno kwanza. Chumba cha moto kimezungukwa na koti la maji. Juu ya koti linatoka bomba la kwenda, lenye maji ya moto. Chini linaingia bomba la kurudi, lenye maji yaliyokwisha kuacha joto lake kwenye radieta, yaani bamba la chuma linalopasha chumba kwa maji ya moto, au kwenye tangi la akiba la kuhifadhi maji ya moto. Mahali fulani kuna tangi la upanuzi, linalopokea maji yanapoongezeka ujazo kwa joto. Likiwa juu ya mfumo na limeachwa wazi, huo ni mfumo wa wazi. Likiwa la chuma, lenye mpira na hewa ndani, huo ni mfumo wa kufungwa, wenye presha. Kwa boila uliyoichomelea mwenyewe, ushauri wangu ni mfumo wa wazi, na sababu utaziona hapo chini.

Shika vipimo kabla ya kushika spana

Funga vipimajoto viwili, kimoja kwenye bomba la kwenda na kingine kwenye la kurudi, karibu na boila, kisha uvifunike kwa kitambaa au sufi ili visipime hewa ya chumba. Kama unatumia kile cha kuelekeza kwa mwanga, bomba la shaba linalong'aa litakudanganya, litaonyesha nyuzi chache kuliko ukweli. Bandika kipande cha utepe mweusi wa umeme juu yake, upime hapo.

Moto ukiwa umekolea, soma tofauti ya mabomba mawili. Kwenda nyuzi 80 za Selsiasi na kurudi 60, mzunguko ni mzuri. Kwenda 90 na kurudi 35, maji hayapiti au yanapita kwa kudonda. Kwenda 50 na kurudi 47 huku moto unanguruma, maji yanapita vizuri ila joto haliingii, au linamezwa lote kabla halijajikusanya. Ukijua lita ngapi zinapita kwa dakika, zidisha kwa tofauti ya nyuzi, kisha kwa 0.07, utapata kilowati ambazo boila inazitoa kweli. Lita 15 kwa tofauti ya nyuzi 20 ni kilowati 21.

Andika vipimo vya siku ambayo kila kitu kilikwenda sawa na uvibandike ukutani. Siku mambo yakiharibika utakuwa na cha kulinganisha.

Maji yanachemka, boila inagonga na kutetemeka

Hili linahitaji uchukue hatua kwanza, uchunguzi baadaye. Funga tundu linaloingiza hewa motoni. Fungua radieta zote na kila koki ya kupeleka joto. Kama pampu imesimama na umeme upo, iwashe. Usimwage maji motoni, kwa kuwa mvuke utakurukia na chuma kinaweza kupasuka. Na kama unashuku kwamba koti limekauka, usiongeze maji baridi hata kidogo. Maji yakigusa chuma kilichopata moto mkali hugeuka mvuke papo hapo, na lita moja ya maji huwa zaidi ya lita 1,500 za mvuke. Ondoa watu chumbani, acha moto ufe, acha chuma kipoe mpaka kiweze kushikika, ndipo ujaze.

Mambo yakitulia, tafuta chanzo kwa mpangilio huu.

Umeme ulikatika, pampu ikasimama. Ndicho chanzo nilichokikuta mara nyingi kuliko vingine vyote. Tiba si jenereta, kwa sababu nayo inaweza kukataa kuwaka. Tiba ni njia ya kutolea joto isiyohitaji umeme: radieta moja kubwa au bomba pana lenye mapezi, lililowekwa juu kuliko boila, likipokea maji kwa mabomba mapana yanayopanda mfululizo. Kwenye njia hiyo iwepo vali inayobanwa na umeme na kujifungua yenyewe umeme ukikatika. Maji ya moto ni mepesi, yatapanda bila kusukumwa.

Kuna koki imefungwa. Kagua kila moja, hata ile unayoapa hukuigusa. Ukuta uliopigwa rangi jana, mtoto aliyecheza, fundi aliyefunga ili abadilishe gasketi akasahau. Kati ya boila na bomba lake la kupumulia, lile lililo wazi la kutolea mvuke na maji yaliyozidi kwenye tangi la juu, hapatakiwi koki ya aina yoyote, wala vali ya upande mmoja. Ukiikuta hapo, ing'oe leo.

Hewa imeziba njia. Nitaieleza kwenye radieta baridi.

Moto haushikiki. Umefunga tundu la hewa lakini kuni zinaendelea kuwaka kana kwamba hukufunga. Washa mshumaa, upitishe taratibu kuzunguka ukingo wa mlango wa moto na mlango wa jivu. Mahali ulimi wa mshumaa unapovutwa ndani ndipo hewa inapoingia. Kamba ya kuzibia mlango ikichakaa hukauka na kuwa bapa. Jaribu pia kwa karatasi: ibane mlangoni, funga, kisha vuta. Ikitoka kwa urahisi, mlango haubani.

Boila ni kubwa kuliko mzigo. Mtu anajenga chumba cha moto cha kumeza magogo ya mita moja, halafu anakiunganisha na radieta tatu. Hapo hakuna kilichoharibika, ni hesabu tu. Ama uwashe moto mdogo, ama uongeze tangi la akiba. Tangi la lita 1,000 likipanda kutoka nyuzi 40 hadi 85 linahifadhi kilowati-saa 52 hivi, na joto ambalo lingechemsha boila linakuwa joto la usiku.

Jambo moja la wanaoishi milimani: kadiri unavyopanda juu, maji ya mfumo wa wazi huchemka mapema zaidi. Kwenye mita 1,500 juu ya usawa wa bahari yanachemka karibu na nyuzi 95, si 100. Thamostati ya kuzuia moto, ile inayobana hewa maji yakifika joto lililowekwa, ishushwe ipasavyo.

Geji ya presha inapanda na kushuka kama pumzi

Hii ni ya mfumo wa kufungwa. Asubuhi geji inasoma bari 1, moto ukikolea inafika 2.5 au 3, vali ya usalama inadondosha, jioni inashuka karibu na sifuri na unalazimika kuongeza maji. Wengi hulaumu vali. Vali inafanya kazi yake.

Maji yakitoka nyuzi 10 kwenda 90 huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 3.6. Mfumo wa lita 200 unahitaji nafasi ya lita 7 za ziada. Nafasi hiyo ni ile hewa iliyo ndani ya tangi la upanuzi. Bonyeza kipini kidogo cha kujazia hewa kwenye tangi, kama cha gurudumu la gari. Yakitoka maji, mpira wa ndani umepasuka na tangi linahitaji kubadilishwa. Isipotoka kitu, hewa imeisha. Ikitoka hewa, gonga tangi kwa kidole: upande wa hewa unalia kama ngoma, upande wa maji unalia kwa uzito. Likilia kwa uzito kote, limejaa maji.

Hewa ya tangi hupimwa na kujazwa upande wa maji ukiwa hauna presha. Ukipima huku mfumo umejaa, unasoma presha ya maji tu, na utadhani tangi ni zima. Kila mita 10 za kimo cha mfumo juu ya tangi ni bari 1. Kwa hiyo nyumba yenye radieta ya juu kabisa mita 5 juu ya tangi inahitaji hewa ya bari 0.5, ongeza kidogo juu yake, tuseme 0.7.

Kama presha inapanda polepole hata boila ikiwa baridi, usiangalie tangi. Kuna maji yanaingia kutoka nje. Ama koki ya kujazia haifungi sawasawa, ama koili inayopasha maji ya kuoga imetoboka na maji ya bomba yanaingia kwenye mfumo. Funga maji ya bomba kwa usiku mmoja. Presha ikisimama, umempata mwizi.

Vali ya usalama inayodondosha kamwe isizibwe kwa plagi, wala isibanwe kwa kuongezewa presha ya kufungukia. Maji yaliyobanwa kwenye bari 1 juu ya hewa ya nje hayachemki mpaka nyuzi 120 hivi. Koti likipasuka wakati huo, maji yote yaliyopita nyuzi 100 yanataka kuwa mvuke kwa mara moja. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kupendelea tangi la wazi.

Tangi la juu linapata moto au linatapika

Kwenye mfumo wa wazi, tangi la juu linatakiwa kuwa vuguvugu kwa kiasi kidogo tu. Ukigusa ukakuta lina moto, au bomba la kupumulia linamwaga maji ndani yake pampu ikifanya kazi, mzunguko umepata njia ya kupitia tangini. Kila tone linalomwagika hivyo linabeba hewa mpya kurudi kwenye chuma, na chuma kinapata kutu usiku na mchana. Punguza kasi ya pampu. Inua mdomo wa bomba la kupumulia juu zaidi ya tangi. Bomba linaloshusha maji kutoka tangini liunganishwe upande ambao pampu inavuta, si upande inaosukuma. Kama linatapika hata pampu ikiwa imezimwa, basi maji yanachemka, rudi kwenye sehemu ya maji yanayochemka.

Boila ina moto, radieta ni baridi

Hapa ndipo watu wanapopoteza siku nzima. Anza kwa mkono. Tembea na bomba la kwenda kutoka boilani, ukiligusa kila hatua. Litakuwa la kuunguza, la kuunguza, la kuunguza, kisha ghafla ndani ya urefu wa kiganja linakuwa vuguvugu, kisha baridi. Tatizo liko hapo au mbele kidogo ya hapo. Simama.

Kwenye mfumo usio na pampu, nguvu inayozungusha maji ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Safu ya maji ya nyuzi 60 ikishindana na safu ya nyuzi 80, kila mita moja ya kimo inatoa msukumo sawa na milimita 11 za maji. Milimita 11, upana wa kidole cha mwisho. Kwa msukumo huo, bomba jembamba, elbo tano za ghafla au povu dogo la hewa vinatosha kusimamisha kila kitu. Ndiyo maana mfumo wa aina hii unahitaji bomba la milimita 28 au pana zaidi, mikunjo mipana, na mteremko usiokatika.

Nilitazama mfumo mmoja uliojengwa kwa uangalifu mkubwa, viungo safi, kila kitu kipya, lakini radieta za upande wa pili wa nyumba hazikupata joto hata siku moja. Bomba la kwenda lilipita juu ya dari. Nilipanda na taa na kipimo cha maji cha fundi, nikakiweka bombani kila nusu mita. Mahali lilipovuka boriti lilikuwa limenyanyuliwa kidogo tu ili lisiguse mbao, nundu isiyozidi sentimita 3. Juu ya nundu ile hewa ilikaa kama kizibo. Ukigonga bomba kwa bisibisi, upande huu ulilia kizito, pale juu ulilia kitupu. Tulitoboa mahali pale, tukaweka kitoa hewa kidogo cha mkono, nikakizungusha robo. Kikafoka hewa kwa karibu dakika nzima, kikatema matone ya kahawia, kisha maji. Baada ya nusu saa radieta ya mwisho ilikuwa haishikiki.

Kwa hiyo: kila nundu ya juu iwe na kitoa hewa, au isiwepo. Bomba lipande mfululizo kwenda kwenye kitoa hewa, lisishuke na kupanda tena. Na kumbuka kwamba maji baridi mapya yana hewa iliyoyeyuka ndani yake, ambayo hutoka yanapopashwa. Mfumo uliojazwa leo utahitaji kutolewa hewa kesho, keshokutwa na tena wiki ijayo. Ukihitaji kutoa hewa kila wiki hata mwezi wa tatu tangu kujaza, hewa inaingia kutoka mahali, au kutu ndani inazalisha gesi. Gesi hiyo ni haidrojeni, inashika moto, basi usitoe hewa ya radieta karibu na mwali.

Kama kuna pampu, isikilize kwa kuegemeza bisibisi kwenye mwili wake na mpini sikioni. Ikinung'unika bila kusukuma, huenda mhimili wake umekwama baada ya kukaa bila kazi. Zile zenye skurubu kubwa katikati ya uso zinaweza kufunguliwa na mhimili ukasukumwa kwa bisibisi mpaka uzunguke, umeme ukiwa umezimwa. Ikilia kama inasaga kokoto, inavuta mvuke au hewa. Ihamishie kwenye bomba la kurudi ambako maji yamepoa. Angalia pia mshale ulio mwilini mwake, kwani pampu iliyofungwa kinyume inashindana na maji yanayotaka kupanda. Halafu fungua kichujio. Vichujio vilivyoziba nimevikuta mara nyingi kuliko pampu zilizokufa.

Radieta zenyewe zina lugha yao. Ya moto chini na baridi juu ina hewa. Ya moto pembeni na juu lakini baridi chini katikati ina tope jeusi la kutu, ishushe uioshe nje kwa mpira wa maji. Ya kwanza moto na ya mwisho baridi, zote zikiwa hazina hewa, zinahitaji kugawiwa: bana koki ya kutokea ya zile za karibu kidogo kidogo mpaka za mbali zipate.

Moto mzuri, maji hayapandi

Anza na hesabu. Kupasha lita 300 kwa nyuzi 50 kunahitaji kilowati-saa 17 na nusu hivi. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri, zenye maji asilimia 20, ina kama kilowati-saa 4. Kama boila yako inakamata nusu ya joto hilo, na za kujitengenezea nyingi hazipiti hapo sana, unahitaji kilo 9 za kuni kabla hata radieta hazijaanza kupoza maji. Mtu aliyetia magogo matatu membamba na kusubiri asilaumu boila.

Kuni mbichi, zenye maji nusu ya uzito wake, zinatoa kama nusu ya joto hilo kwa kilo, maana nusu ya kilo hiyo si kuni bali maji, na sehemu ya joto inatumika kuyachemsha na kuyapeleka dohani. Pasua gogo, weka shavu kwenye uso uliopasuka. Likiwa baridi na lenye unyevu, lirudi jua. Vipande viwili vikavu vikigonganishwa hulia kwa mlio mkali, vibichi hulia kwa butu.

Kuni zikiwa nzuri, pima joto la moshi kwenye shingo ya dohani. Likizidi nyuzi 250 muda wote, joto linakimbilia angani. Moshi unapita njia fupi mno. Weka vizuizi vya chuma ndani ya njia ya moshi ili uzunguke na kugusa ukuta wa koti kabla ya kutoka. Kama zamani moshi ulitoka na nyuzi 180 na sasa 280, ukuta umefunikwa na masizi. Futa kwa brashi ya waya kila wiki ya matumizi mazito. Masizi ni blanketi, na blanketi hilo liko upande usiotakiwa.

Ukuta safi, kuni kavu, na bado? Tazama mabomba yaliyofukiwa. Bomba lililozikwa bila kinga, hasa kwenye udongo wenye maji, linapasha ardhi. Pima joto linapoingia ardhini na linapotoka. Tofauti ikizidi nyuzi 2 au 3 kwenye umbali wa kawaida wa nyumba, fukua.

Machozi meusi na lami kwenye koti

Ukifungua mlango ukakuta kuta zinang'aa weusi kama zimepakwa lami, na maji ya kahawia yananing'inia chini, watu hudhani koti limetoboka. Mara nyingi ni jasho. Maji ya kurudi yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi, ukuta wa chuma unakuwa baridi kiasi kwamba mvuke ulio kwenye moshi unageuka maji juu yake, ukishika masizi na tindikali. Chuma kinaliwa kutoka upande wa moto.

Kutofautisha jasho na tundu: pandisha maji ya kurudi mpaka nyuzi 60 na uyashikilie hapo kwa saa moja. Jasho litakauka, tundu halitakauka.

Tiba ni bomba la mkato kati ya kwenda na kurudi, lenye vali ya kuchanganya inayojiendesha kwa joto. Inazungusha maji ya moto boilani kwanza, na kuruhusu maji baridi ya radieta yaingie taratibu tu mpaka ya kurudi yafike 55 au 60. Pamoja na hilo, acha tabia ya kujaza kuni jioni na kubana hewa ili moto ufukute mpaka asubuhi. Moto wa kufukuta ndio unaopika lami. Moto mkali kwa saa chache ukipeleka joto kwenye tangi la akiba ni msafi na unakula kuni chache.

Lami hiyohiyo inapanda dohani na kuganda. Ikishika moto, dohani inanguruma kama upepo mkali na joto ndani linaweza kufika nyuzi 1,000. Funga hewa yote, toa watu nje, ita zimamoto, wala usimwage maji juu. Dohani isafishwe kabla ya msimu na katikati ya msimu.

Moshi unarudi chumbani

Dohani fupi, dohani baridi, kiota cha ndege, au chumba kilichozibwa mno hata hewa haina pa kuingilia. Pasha dohani kwa gazeti linalowaka kabla ya kuweka kuni, fungua dirisha kidogo uone kama moshi unageuka, kagua mdomo wa juu. Feni ya kutolea hewa jikoni inaweza kuvuta moshi kurudi ndani. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyo kwenye moshi, haina harufu wala rangi, na kichwa kuuma kwa watu wawili kwa wakati mmoja ni dalili ya kutoka nje mara moja. Chumba cha boila kiwe na kengele ya kugundua gesi hiyo, na vyumba vya kulala viwe na yake.

Kelele

Mlio wa birika linalokaribia kuchemka, huku geji ya joto inaonyesha 65 tu, ni ukoko wa chokaa kwenye chuma. Maji yanachemka chini ya ukoko. Usibadilishe maji ya mfumo bila sababu, maana kila maji mapya yanaleta chokaa mpya na hewa mpya. Mlio wa maji kukoroma ni hewa. Kubisha kwa mabomba yanapopata moto ni chuma kinachorefuka na kukwaruza kibanio, legeza vibanio na uweke mpira.

Maji yanapungua, hakuna tone chini

Tazama jivu. Likiwa limeshikana kama tope asubuhi kabla ya moto, koti linavuja ndani. Zima, acha ipoe, jaza, toa hewa yote, kisha pandisha presha kwa pampu ya mkono ya maji baridi hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi, na tafuta tone kwa taa. Usijaribu kwa hewa ya kompresa. Maji yakipasua mshono yanatiririka na presha inaanguka, hewa ikipasua mshono inarusha vipande.

Ukikuta ukuta bapa wa koti umevimba, usiuchomelee na kuendelea. Bari 1 ni kama tani 10 kwa kila mita ya mraba. Bamba la sentimita 50 kwa 50 linasukumwa na tani 2 na nusu, na bamba hujibu kwa kupinda. Koti lenye kuta bapa linahitaji fito za chuma zilizochomelewa kutoka ukuta wa ndani hadi wa nje, zikiwa karibu karibu. Umbo la mviringo linavumilia zaidi. Kama huna uhakika na mishono yako, ondoa presha kabisa kwa kwenda mfumo wa wazi. Na usichomelee bomba lililopakwa zinki bila kwanza kukwangua zinki hiyo mahali utakapochomelea, moshi wake unaleta homa. Mabomba ya plastiki yasianzie boilani. Mita za kwanza ziwe za chuma au shaba.

Maji ya kuoga ni ya moto mno au yana rangi

Kukiwa na rangi au harufu, huenda maji ya mfumo yanachanganyika na ya kuoga. Koili ikiwa imetoboka, isitumike tena. Kama ni moto tu, weka vali ya kuchanganya baada ya tangi, si kushusha tangi. Tangi likae nyuzi 60 ili bakteria wa legionela wasizaliane, lakini maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache, ya mtoto upesi zaidi. Bombani yafike yakiwa karibu 45.

Jaribio baada ya kila matengenezo

Usikubali kwamba umemaliza kwa sababu radieta zimepata joto. Washa moto mdogo, kuni mbili au tatu, ukiwa umesimama hapo na hewa iko chini ya mkono wako. Maji yakifika nyuzi 70, zima pampu kwa makusudi, kana kwamba umeme umekatika. Tazama kipimajoto cha bomba la kwenda huku mkono wako ukiwa kwenye radieta ya kutolea joto. Radieta ianze kupata moto ndani ya dakika chache, na bomba la kwenda lipande kidogo, lisimame, kisha lishuke. Likipita 90, washa pampu, funga hewa, na urudi kwenye njia ile ya kutolea joto: mwinuko wake, upana wake, vali iliyokataa kujifungua, na nundu yoyote iliyojificha juu ya dari.